Kusaidia Shule na Zahanati za Jamaika Ukiwa Ughaibuni: Mwongozo wa Mweka Hazina

Ukiingia nyumba za Wajamaika wengi hapa Birmingham kuanzia mwezi wa Septemba, utakuta pipa limesimama ukumbini. Kila wiki mama mwenye nyumba anatia kitu: mchele, sabuni, viatu vya shule, mafuta ya kupikia, madaftari. Krismasi ikikaribia pipa linafungwa kwa pete ya chuma na kupandishwa melini. Mke wangu alikulia upande wa pili wa safari hiyo, katika vilima vya Saint Elizabeth, kusini-magharibi mwa Jamaika. Alilelewa na bibi yake wakati mama yake akifanya kazi ya uuguzi Uingereza. Watoto wa namna yake kule wanaitwa watoto wa pipa, na yeye hulitamka jina hilo bila uchungu, lakini pia bila kucheka.

Mimi ni Mtanzania niliyeoa kwao, na kwa miaka tisa nimekuwa mweka hazina wa kikundi kidogo kinachosaidia shule mbili za awali na zahanati moja katika vilima hivyo. Ninawaandikia Waswahili wenzangu walioko Uingereza, Marekani na Kanada ambao wameoana na watu wa Karibi, au wanasali nao kanisa moja, na siku moja wanaombwa waje kwenye kamati. Yapo yatakayokufaa hata kama kikundi chako kinasaidia Kigoma au Pemba. Mifano yangu ni ya Jamaika kwa sababu ndiko makosa yangu yalikofanyika.

Hatua ya 1: Chagueni mahali pamoja, na mtu wa kule

Jamaika imegawanywa katika parishi, yaani mikoa yake, na vikundi vya ughaibuni hujipanga kwa parishi, kwa kijiji, au kwa shule. Vyama vya wanafunzi wa zamani ndivyo vyenye nguvu zaidi: shule za sekondari kongwe za Kingston zina matawi London, New York, Toronto na Florida. Shule hizo zina wenyewe. Shule ya awali yenye watoto 40 nyuma ya kanisa la kijiji haina tawi popote, na kwa maoni yangu kikundi kipya kielekee huko.

Visiwa vingine navyo vina mji wao hapa Uingereza. Watu wa Saint Vincent wamejaa High Wycombe, wa Anguilla wako Slough, na wa Saint Kitts na Nevis wako Leeds. Kabla hamjaanzisha kikundi, ulizeni makanisani na ubalozini kama kipo tayari. Kuongeza watu sita kwenye kikundi kinachochechemea ni bora kuliko kuzaa kingine.

Kisha mtafute mtu wa kule mwenye cheo kinachomwajibisha: mwalimu mkuu, muuguzi wa zahanati, mwenyekiti wa bodi ya shule. Awepo na mtu wa pili, asiyekuwa ndugu wa yule wa kwanza. Wote wawili waingie kwenye vikao vyenu kwa simu. Jamaika iko nyuma ya London kwa saa 5 wakati wa baridi na saa 6 wakati wa kiangazi, maana wao hawabadilishi saa, kwa hiyo kikao cha jioni cha Jumapili hapa kinawakuta wametoka kanisani. Sisi tulifanya vikao miaka miwili bila wao. Asiyekuwepo na lake halipo: tulikuwa tukigawa fedha kwa shule ambayo hakuna mtu wake aliyekuwepo kutuambia inahitaji nini.

Hatua ya 2: Pokeeni orodha kabla ya kukusanya chochote

Hatua hii ndiyo niliyojifunza kwa gharama kubwa kuliko zote. Mwaka wetu wa kwanza tulitangaza tunakusanya vitabu. Watu walileta kwa moyo mweupe, tukajaza mapipa, tukalipa meli. Mwalimu mkuu alitushukuru kwa barua nzuri sana. Miaka miwili baadaye nilikwenda kwa mara ya kwanza, nikaomba kuyaona. Mapipa yalikuwa yamejaza chumba kidogo ambacho walimu walikuwa wakikaa kula chakula cha mchana. Mengine hayakufunguliwa, na yaliyofunguliwa yalikuwa na mchwa. Zaidi ya nusu ya vitabu vilikuwa vya kiada vya mtaala wa Uingereza, kwa watoto wa miaka kumi na zaidi. Ile ni shule ya watoto wa miaka mitatu hadi mitano. Mwalimu hakuwa na la kufanya: angewaambia nini watu waliolipa meli?

Alinionyesha alichokuwa akikihitaji muda wote ule. Uzio. Shule ilikuwa kando ya barabara ya malori na haikuwa na geti.

Tangu siku ile hatukusanyi kitu mpaka tuwe na karatasi iliyoandikwa kule. Tunauliza maswali manne tu, kwa maandishi:

- Muhula huu ni jambo gani lililosimamisha kazi yenu, hata kwa siku moja?
- Mmejaribu kulitatua vipi, na nani mwingine anawasaidia?
- Mkipewa dola 100,000 za Jamaika leo, takriban pauni 500, mtanunua nini kwanza?
- Kitu hicho kikiharibika, nani atakitengeneza na kwa fedha gani?

Swali la mwisho ndilo linalookoa fedha. Mwalimu akijibu "sijui", mwendelee kuzungumza naye na msikimbilie kununua. Mwachieni pia nafasi ya kukataa. Mtu anayetegemea hisani ni vigumu kwake kusema hapana, kwa hiyo semeni ninyi mapema, kwa maneno ya wazi, kwamba akikataa kitu hamtamwacha.

Hatua ya 3: Andikisheni kikundi

Hapa nitapita haraka, kwa sababu maelezo yapo kwa wasimamizi wenyewe na hayana ugumu. England na Wales msimamizi ni Charity Commission. Uskoti na Ireland ya Kaskazini zina wasimamizi wao. Kikundi cha kawaida cha hisani chenye mapato ya zaidi ya pauni 5,000 kwa mwaka kinatakiwa kujiandikisha. Upo pia muundo unaoitwa CIO, ambao unaandikishwa bila kujali mapato, na unafanya kikundi kiwe na nafsi yake kisheria: mkataba unasainiwa kwa jina la kikundi, wala deni halimwangukii mdhamini mmoja mmoja. Sisi tulichagua huo. Wekeni wadhamini watatu au zaidi wasiotoka nyumba moja.

Marekani mnaomba hadhi ya 501(c)(3), yaani ya hisani isiyotozwa kodi, kwa mamlaka ya kodi, IRS. Kikundi ambacho mapato yake kwa kawaida hayazidi dola 50,000 kinajaza fomu fupi ya mtandaoni kila mwaka, 990-N, kazi ya dakika chache. Msipoijaza miaka mitatu mfululizo, hadhi inafutika yenyewe. Ndugu yetu mmoja wa Florida aliachiwa kikundi kilichofutwa hivyo, na ilimchukua zaidi ya mwaka kukifufua.

Upande wa Jamaika ipo Sheria ya Hisani ya mwaka 2013, na anayeandikisha ni Department of Co-operatives and Friendly Societies. Si lazima kikundi chenu kiandikishwe kule. Kwa misaada ya shule, wizara ya elimu ina taasisi yake, National Education Trust, iliyowekwa hasa kupokea michango ya wafadhili na watu wa ughaibuni. Zungumzeni nao kabla hamjatuma kitu chochote kikubwa.

Hatua ya 4: Fedha

Watu wa Karibi hawahitaji kufundishwa kuchanga. Upatu wetu wao wanauita *pardner* Jamaika, *susu* Trinidad, *box hand* Guyana, na *meeting turn* Barbados. Anayeshika fedha, ambaye Tanzania tungemwita kijumbe, Wajamaika wanamwita *banker*. Waliofika Uingereza baada ya meli ya Empire Windrush kutia nanga Tilbury mwezi Juni 1948 walinunua nyumba kwa njia hiyo, wakati ambapo benki nyingi hazikutaka kuwakopesha. Mnaingia mahali penye desturi ya kuaminiana, na ni lazima muiheshimu.

Lakini msichanganye upatu na hisani. Fedha ya upatu ina mwenyewe na siku yake ya kurudi. Mchango wa hisani haurudi. Tulikuwa na akaunti moja kwa vyote viwili, na nilipochukua hazina nilitumia majira ya baridi nzima kutenganisha. Fungueni akaunti ya kikundi, na kila malipo yahitaji idhini ya watu wawili.

Hesabu yetu ni rahisi. Wanachama 30 wakitoa pauni 10 kwa mwezi, mwaka unatoa pauni 3,600. Uingereza kuna utaratibu wa Gift Aid: mlipa kodi akisaini tamko, serikali inaongeza peni 25 kwa kila pauni. Wote wakisaini, 3,600 inakuwa 4,500. Hiyo ni pauni 900 ambazo vikundi vingi vinaziacha kwa sababu hakuna aliyekaa kujaza fomu. Angalieni mambo mawili: mtoaji awe kweli amelipa kodi ya kutosha mwaka huo, na fedha iwe mchango. Tiketi ya karamu ya kuku wa *jerk* au ya bahati nasibu haihesabiwi, maana mtu amepata kitu badala yake.

Gaweni fedha mafungu matatu: mradi, uendeshaji, na akiba ya kimbunga. Fungu la tatu nitalirudia mwishoni.

Kutuma: fedha ziende kwenye akaunti ya shule, bodi au kanisa linaloimiliki shule, kamwe zisiende kwenye akaunti ya mwalimu mkuu binafsi, hata awe mwaminifu kiasi gani. Hili linamlinda yeye kuliko linavyowalinda ninyi. Kijiji ni kidogo, na mwalimu akinunua jokofu jipya kwa mshahara wake, maneno yataanza. Kwa vifaa vya ujenzi sisi huomba profoma, yaani ankara ya bei kabla ya malipo, kutoka duka la vifaa lililo karibu na shule, tunalilipa duka moja kwa moja, na shule inasaini siku mzigo unapofika.

Hatua ya 5: Elimu, anzieni chini

Shule za awali Jamaika, zinazoitwa *basic schools*, nyingi zinaendeshwa na makanisa na jamii. Serikali inachangia, lakini jengo, choo na jiko ni mzigo wa kijiji. Shule hizi zinasimamiwa na Early Childhood Commission, iliyoanzishwa mwaka 2003, ambayo inazikagua kwa viwango 12: walimu, majengo, usalama, afya, lishe, na kadhalika. Shule isiyofikia viwango haipati cheti kamili.

Hapa ndipo pa kushika. Mwombeni mwalimu mkuu nakala ya ripoti ya ukaguzi ya mwisho. Imeandikwa na mtu anayejua kazi yake, inataja kilichopungua kimoja kimoja, na kikikamilika shule inapiga hatua inayoonekana rasmi. Ripoti ya shule yetu ilikuwa na uzio, vizima moto viwili, sinki za kunawia zenye urefu wa mtoto, na mafunzo ya huduma ya kwanza kwa walimu. Hakuna hata kimoja kati ya hivyo ambacho mtu hapa Birmingham angekifikiria peke yake. Tulivimaliza kwa miaka mitatu.

Kwa shule ya msingi na sekondari, tazameni mahudhurio kabla ya vitabu na kompyuta. Waulizeni walimu kuhusu Ijumaa. Vijijini fedha ya nauli na chakula ya mtoto huisha katikati ya wiki, na Ijumaa madawati yanabaki wazi. Serikali ina mpango wa ruzuku kwa familia maskini uitwao PATH, unaogharimia sehemu ya chakula cha shule. Ulizeni nani anapata na nani ameachwa. Kulipia chakula cha watoto 20 walioachwa kunarudisha siku za masomo kuliko chumba kizima cha kompyuta zisizo na intaneti.

Mtihani mkubwa wa sekondari ni CSEC, unaotungwa na Caribbean Examinations Council, chombo cha nchi za Karibi kilichoundwa mwaka 1972 na chenye makao Barbados. Mlango wa kazi na vyuo ni kufaulu masomo matano, Kiingereza na hesabu yakiwemo. Usajili na malipo hufanyika miezi mingi kabla ya mtihani wenyewe wa Mei na Juni, kwa hiyo fedha yenu ya Aprili haitamsaidia mtu. Na mkitaka kugharimia masomo ya Jumamosi ya hesabu, mlipeni mwalimu wa pale pale. Anawajua watoto kwa majina, na fedha inabaki kijijini.

Kuhusu ufadhili wa mtoto mmoja mmoja, nina msimamo mkali. Sekondari hadi CSEC ni miaka mitano, darasa la 7 hadi la 11 kwa hesabu yao. Msimwahidi mtoto mpaka fedha ya miaka mitano iwe inaonekana. Na anayechagua mtoto awe shule, kwa vigezo vilivyoandikwa. Msimchague kwa picha, wala kwa sababu bibi yake ni rafiki wa mwanachama. Sisi tuliwahi kumwacha msichana mmoja mwaka wa tatu kwa sababu wanachama walipungua. Alimaliza kwa juhudi za shangazi yake. Niliandika barua ya kuomba radhi na bado naiona nyepesi.

Hatua ya 6: Afya

Hospitali na vituo vya afya vya umma Jamaika viliacha kutoza ada ya huduma mwezi Aprili 2008. Kwa hiyo tatizo la mgonjwa wa kijijini mara nyingi ni nauli, foleni, na kifaa kilichoisha. Magonjwa yanayobeba mzigo ni yale yale tunayoyajua mijini kwetu sasa. Utafiti wa kitaifa wa afya wa mwaka 2016 na 2017 ulikuta kwamba katika watu wa miaka 15 na zaidi, mmoja kati ya watatu ana shinikizo la damu, na mmoja kati ya wanane ana kisukari. Serikali ina National Health Fund, inayotoa kadi ya kupunguza bei ya dawa za magonjwa ya kudumu. Wazee wengi wanaostahili hawana kadi. Kumlipa kijana wa kijiji azunguke na fomu nyumba kwa nyumba ni mradi mzuri sana, na hauhitaji meli.

Zahanati ikiomba vifaa, zingatieni haya.

*Vinavyotumika na kuisha.* Mashine ya kupimia sukari ni rahisi. Stripu zake ndizo ghali, na stripu za kampuni moja haziingii mashine ya nyingine. Ulizeni wanatumia mashine gani, mnunue stripu za hiyo. Tulipeleka mashine ya kupimia mapigo ya moyo iliyotumia karatasi maalumu, na karatasi hiyo haikupatikana Kingston. Ilifanya kazi miezi minne.

*Umeme.* Jamaika inatumia volti 110 na hezi 50, na plagi za Kimarekani. Mashine ya Uingereza ya volti 230 haifanyi kazi kule bila transfoma. Mashine ya Marekani plagi yake inaingia vizuri na inawaka, lakini imetengenezwa kwa hezi 60, na vifaa vyenye mota vinavyofuata masafa ya umeme vinazunguka polepole kuliko inavyotakiwa. Trinidad ni volti 115 na hezi 60. Saint Lucia na Grenada ni kama Uingereza. Kila kisiwa kina yake, kwa hiyo mwombeni muuguzi apige picha kibao cha nyuma cha mashine waliyonayo sasa.

*Dawa.* Mwongozo wa Shirika la Afya Duniani unataka dawa ya msaada iwe na angalau mwaka mmoja kabla ya kuisha muda wake inapofika nchini. Dawa zilizorudishwa na wagonjwa, au zilizobaki kabatini, zisiguswe. Na dawa yoyote ile inahitaji kibali cha wizara kabla haijasafiri.

*Madaktari na wauguzi wa kujitolea.* Wanachama wetu wengi ni wauguzi wastaafu, na wana hamu ya kwenda. Wizara ya afya ya Jamaika inataka iombwe ruhusa mapema, na kila mtaalamu apate usajili wa muda kwenye baraza la taaluma yake, liwe la madaktari, la wauguzi au la meno. Nendeni kupitia mamlaka ya afya ya kanda, zipo nne. Mgonjwa mtakayempima Jumanne na kumkuta na presha ya juu atakuwa bado na presha Jumanne ijayo, ninyi mkiwa ndani ya ndege. Kwa hiyo kila mtakachokiona kiandikwe kwenye faili la zahanati, kwa mkono, kabla hamjaondoka.

Lipo jambo moja linalonigusa kama Mtanzania. Jamaika karibu mtu mmoja kati ya kumi ana chembe ya urithi ya selimundu, na takriban mtoto mmoja kati ya 150 anazaliwa na ugonjwa wenyewe. Kitengo cha selimundu cha Chuo Kikuu cha West Indies, kule Mona, kiliwafundisha akina mama kupapasa tumbo la mtoto kila siku na kulijua wengu likianza kuvimba ghafla, wamkimbize hospitali. Vifo vya watoto kwa tatizo hilo vilipungua. Kifaa kilichotumika kilikuwa mkono wa mama. Kikundi kinaweza kugharimia siku ya mafunzo kama hiyo zahanatini, na nauli ya mama kufika kliniki. Mimi niliyasikia kule Saint Elizabeth nikampigia simu dada yangu Mwanza jioni ileile.

Hatua ya 7: Mizigo, ikibidi tu

Swali la kwanza liwe: je, kinapatikana kule? Rangi, mabati, viti, madaftari, sare za shule, vyote vinauzwa Jamaika, na fundi cherehani wa kijiji anashona kaki za wavulana kwa bei nafuu kuliko usafirishaji.

Kikiwa hakipatikani, fuateni mpangilio huu bila kuurukaruka. Andikeni orodha kamili ya kila boksi na thamani yake. Mpokeaji kwenye hati ya meli awe taasisi, na iwe na namba yake ya mlipa kodi, ambayo kule inaitwa TRN. Ombeni msamaha wa ushuru kupitia taasisi hiyo au wizara, na msubiri kibali kwa maandishi. Ndipo mpakie. Wengi wanapakia kwanza na kuomba baadaye, na kontena linakaa bandarini Kingston likidaiwa ada ya kila siku hadi ada inazidi thamani ya mzigo. Tengeni pia fedha ya wakala wa forodha na ya lori la kupandisha mzigo milimani. Mkiwa na pipa moja la zawadi za familia, hilo ni jambo jingine, endeleeni nalo kama zamani.

Hatua ya 8: Jamii nzima

Maendeleo ya kijiji Jamaika yana historia ya kwao wenyewe. Mwaka 1937 Norman Manley alianzisha Jamaica Welfare kwa fedha ya makubaliano na kampuni ya ndizi: senti moja kwa kila mkungu uliosafirishwa. Taasisi iliyorithi kazi hiyo, Social Development Commission, ina maofisa katika kila parishi wanaofanya kazi na kamati za vijiji. Waoneni kabla hamjaunda kamati yenu mpya, kwa kuwa kuna uwezekano ipo.

Kusini mwa Saint Elizabeth ni pakavu. Mradi uliopendwa kuliko yote tuliyofanya ni tangi jeusi la plastiki, lile tunaloliita simtanki, lililowekwa pembeni ya shule na kuunganishwa na mabomba ya paa. Siku bomba la serikali linapokauka, shule haifungwi, na majirani wanachota.

Hatua ya 9: Watoto, wageni na picha

Kila anayekwenda kukaa na watoto, hata mdhamini, hata mchungaji, achunguzwe rekodi yake ya jinai hapa, na asikae peke yake na mtoto kule. Hakuna kuoneana haya katika hili.

Kwa picha, Jamaika ina Sheria ya Ulinzi wa Data iliyoanza kutumika Desemba 2023, na Sheria ya Malezi na Ulinzi wa Mtoto ya mwaka 2004. Pateni ridhaa ya mzazi kwa maandishi. Msitumie jina kamili la mtoto, wala shida ya nyumbani kwao. Mke wangu alipokuwa na miaka minane alipigwa picha akipokea viatu. Aliiona tena akiwa mtu mzima, ukutani mwa ukumbi wa kanisa hapa Uingereza. Tangu hapo kikundi chetu kinapiga picha za geti, paa, tangi, na walimu wakiwa kazini.

Hatua ya 10: Jiandaeni kwa kimbunga

Msimu wa vimbunga ni kuanzia tarehe 1 Juni hadi 30 Novemba. Ivan iliharibu karibu kila nyumba ya Grenada mwaka 2004, Maria ikaipiga Dominica mwaka 2017, Beryl ikapita kisiwa cha Carriacou mwezi Julai 2024. Tarehe 28 Oktoba 2025 kimbunga Melissa, cha daraja la 5, kiliingia Jamaika upande wetu wa kusini-magharibi, na mji wa Black River, makao makuu ya Saint Elizabeth, ukavunjika vibaya.

Mwezi Mei kila mwaka fanyeni haya: hakikisheni namba za simu za watu watatu, mmoja wao awe nje ya parishi, pigeni picha za jengo, ndani na nje, mlipeni fundi akague paa, abadilishe misumari iliyolegea na kufunga kenchi kwa vyuma vinavyozishika kwenye ukuta. Hati za shule zifungwe ndani ya plastiki na nakala zitumwe kwenu.

Kimbunga kikipita, msikusanye nguo. Bandari na barabara zinahitajika kwa maji, dawa na turubai, na kazi hiyo inaratibiwa na ofisi ya taifa ya maafa, ODPEM, pamoja na CDEMA ya nchi za Karibi. Kazi yenu inaanza wiki ya tatu, wakati kamera zinapoondoka. Ndiyo maana ya lile fungu la akiba.

Baada ya Melissa tulikaa siku nyingi bila kusikia sauti ya mtu yeyote kule. Mke wangu alilala na simu mkononi. Ujumbe wa kwanza ulitoka kwa mwenyekiti wa bodi, aliyepanda kilima kutafuta mtandao: watu wako salama, paa la darasa la pili limekwenda, la kwanza limebaki, tangi limebaki. Chini yake aliandika orodha. Mabati na vipimo vyake, mbao, misumari ya bati kwa kilo, siku za fundi. Fedha ilikuwa tayari kwenye akaunti, na tukamwomba atuletee profoma mara duka la vifaa litakapofungua.